Kikanyagio cha Kushoto

Nidia Arbeláez aliinunua ile pikipiki kwa sababu ya mnyororo wake. Muuzaji alikuwa akimsifia wekundu wa rangi na nguvu za injini, lakini yeye alichuchumaa nyuma ya gurudumu akapitisha kidole kwenye pingili za mnyororo, akakuta oili nyembamba, safi, bila hata chembe ya mchanga. Akauvuta juu kidogo, akauachia. Ulikaza pale pale unapotakiwa kukaza.

"Aliyekuwa nayo alikuwa anaipenda," alisema.

"Mzee mmoja wa Salamina, dada. Ni yeye peke yake tangu ikiwa mpya. Alikuja akaiacha hapa, akaondoka bila kugeuka nyuma."

Nidia alikuwa na duka la dawa mtaa wa Chipre, kule juu katika mji wa Manizales, ambako barabara zinashuka kama ngazi na mtu anajifunza kupanda pikipiki mlimani kabla hajaijua tambarare. Tangu usichana alikuwa amepanda pikipiki ndogondogo, za kwendea kazini na kurudia. Hii ilikuwa ya kwanza ya spoti: silinda nne, kabureta nne, ya miaka ile kabla kompyuta hazijaingia kwenye injini, ambayo mtu mwenye subira angeweza kuifungua uani kwake, akaipanga vipande vipande juu ya gazeti, na kuifunga tena. Hicho ndicho alichokitaka. Dukani alifanya kazi ya kupima na kuhesabu kwa ajili ya maumivu ya watu. Nyumbani alitaka kupima na kuhesabu kwa ajili ya raha yake.

Mama yake, Leticia, aliyekuwa akiishi naye, aliitazama ilipoingizwa uani, akakunja mikono kifuani.

"Wenzako wa umri wako wananunua mashine za kufulia."

"Tunayo mashine ya kufulia, mama."

"Imeharibika."

"Nitaitengeneza."

"Hiyo utaitengeneza ukishamaliza hii, na hii naiona kabisa kwamba haina mwisho."

Kwamba pikipiki ilikuwa na jambo, Nidia aliliona tangu kwa muuzaji, ila alilipuuza. Kikanyagio cha mguu wa kulia kilikaa kilipopaswa kukaa kwenye pikipiki ya spoti, juu na nyuma, goti likikunjika kama la mpanda farasi wa mashindano. Cha kushoto kilikuwa kimeshushwa karibu upana wa kiganja, kikasogezwa mbele. Na mkono wa gia, badala ya kuwa na ncha moja ya vidole, ulikuwa na mbili: ya mbele ya kukanyaga kwa vidole, ya nyuma ya kukanyaga kwa kisigino. Alidhani ataizoea. Na kweli, baada ya wiki chache mguu wake wa kushoto ukajua kazi yake. Wenzake wa pikipiki ndio hawakuizoea.

Jumapili walikuwa wakikutana kwenye kituo cha mafuta njia ya kutokea mjini, kundi la watu wa kila kazi, na aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote ni Duván, muuza vigae, mtu mnene mwenye pikipiki mpya inayong'aa kama meza ya harusi. Siku ya kwanza Nidia alipofika na pikipiki yake, Duván aliinama, akachungulia chini ya mguu wake, kisha akaita kwa nguvu.

"Jamani, njooni muone! Nidia kanunua pikipiki au cherehani?"

Wakaja. Wakacheka. Mmoja akajifanya anashona suruali kwa mguu. Duván akaibatiza papo hapo akaiita Kiwete, na jina likanata. Nidia naye akacheka, kwa sababu lilichekesha, na kwa sababu alijua kwamba injini ya Kiwete, aliyoisawazisha mwenyewe kabureta moja baada ya nyingine mpaka zote nne zikawa zinavuta pumzi pamoja, ilikuwa ikiunguruma vizuri kuliko ile meza ya harusi.

Kilichoondoa kicheko ni barabara ya mlimani ya Letras.

Walikuwa wamepanda hadi juu, kule ambako hewa ni nyembamba hadi injini zinakohoa, wakanywa maji ya moto ya sukari guru na jibini kwenye kibanda cha juu kabisa, mikono ikitetemeka kwa baridi, kisha wakaanza kushuka. Ukungu ulikuwa umetawanyika. Lami ilikuwa kavu. Nidia aliingia kwenye kona ndefu ya kushoto akiwa na furaha, na furaha ikamfanya ailaze pikipiki kuliko alivyowahi kuilaza. Kikanyagio cha kushoto kikagusa lami. Hakikukunjika. Kilikwaruza kwa sauti ya bati linalopasuka, kikaiinua pikipiki kama mtu anayejiinua kwa kiwiko, na gurudumu la nyuma likaruka pembeni. Pikipiki ikasimama wima katikati ya kona, na kona haimngojei mtu aliyesimama wima. Akatoka nje ya lami upande wa kulia, akapita kwenye kokoto, akaingia kwenye nyasi zilizolowa, akasimama hatua chache kutoka kwenye waya wa malisho. Ng'ombe watatu waliinua vichwa.

Duván alisimama nyuma yake, akavua helmeti.

"Nimeona umeamua kwenda kuwasalimia ng'ombe," alisema. Kisha akaona uso wake, akaacha mzaha. "Umeumia?"

"Hapana."

"Nidia, sikiliza. Kile chuma kitakuua. Kitoe. Sikutanii."

Alikitoa. Kwa muuza vipuri vya pikipiki kuukuu mmoja wa Pereira alipata kikanyagio cha kiwandani na mkono wa gia wa kiwandani, vikiwa na mikwaruzo lakini vimenyooka, na Jumamosi moja mchana, duka likiwa limefungwa, alikaa uani na spana zake akaanza kazi.

Alitegemea kukuta kazi ya kulipua. Watu wanaokata na kuchomelea pikipiki zao mara nyingi wanajali tu panapoonekana. Lakini kile kibati kilichobeba kikanyagio, kilichokatwa kwa mkono kutoka kwenye alumini nene, kilikuwa kimepigwa msasa upande wa nje na upande wa ndani, hata kwenye ukingo uliokaa uso kwa uso na fremu, mahali ambapo hakuna jicho lingeweza kufika bila kufungua kila kitu. Matundu ya bolti yalikuwa yamelainishwa midomo. Kiungo cha mkono wa gia kilizunguka bila kucheza hata kidogo. Nidia alikigeuzageuza kwenye mwanga. Alikuwa amekuja kung'oa jino bovu, na jino lilikuwa zima.

Mama yake alitoka na kikombe cha kahawa, akaketi kwenye kigoda, akaokota ule mkono wa gia kutoka kwenye gazeti.

"Huyu mtu alikuwa na mguu mbovu," alisema.

"Umejuaje?"

"Si hivi hapa." Alionyesha ile ncha ya kisigino. Raba yake ilikuwa imelika upande mmoja tu, ukingo wa nje. "Baba yako alipovunjika mguu viatu vyake viliisha hivihivi. Kisigino kinakanyagia pembeni kwa sababu goti halikunjiki."

Nidia alichukua ule mkono wa gia akautazama upya. Miezi yote hiyo alikuwa ameona kasoro ya chombo. Haikumpitia akilini kwamba alikuwa amekalia umbo la mtu. Kila kilichochekesha pale kilikuwa na sababu yake: goti lisilokunjika limeshushiwa mahali pa kupumzika, kifundo kisichoinuka kimepewa kisigino badala ya vidole. Hata siti, alipoigusa sasa, ilikuwa imejazwa sponji zaidi upande wa kushoto, ili nyonga ya mtu huyo isivutwe.

Alimaliza kazi. Alifunga vipande vya kiwandani, akakaza kila bolti kwa kipimo chake, akavifunga vile vya zamani kwa kitambaa na kuviweka kwenye boksi la dawa. Angeweza kuvitupa. Alijikuta amevipangusa oili kwanza.

Wiki mbili baadaye alifunga boksi hilo nyuma ya siti kwa mpira akashika njia ya Salamina.

Pikipiki sasa ilikuwa kama zote. Baada ya Neira, ambako barabara inaanza kujipinda kati ya migomba na mibuni kana kwamba imesahau inakokwenda, aliilaza kushoto na kulia bila hofu, na hakuna kilichogusa. Alipaswa kufurahi. Lakini kufika Aranzazu vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi na viganja vikimwaka, ikabidi asimame aikunjue mikono kama mtu anayekung'uta maji. Alijiambia kwamba pikipiki za spoti ndivyo zilivyo, na anayetaka raha anunue kiti cha kubembea.

Salamina, kwenye uwanja wa kanisa, alimuuliza mwanamke aliyekuwa akiuza kahawa kama anamjua mzee aliyekuwa na pikipiki nyekundu.

"Gildardo wa meno? Nani asiyemjua. Nusu ya mji huu inatafuna kwa meno yake." Alionyesha kwa kidevu mtaa unaoshuka. "Mlango wa kijani. Lakini usiende na maneno ya pikipiki, atakufungia mlango."

Hakukuwa na haja ya kutafuta. Kabla hajazima injini, mlango wa kijani ulikuwa wazi, na mwanamke mfupi mwenye mvi zilizosukwa alikuwa amesimama kizingitini akifuta mikono kwenye aproni.

"Nimeijua tangu pale juu kwenye kona," alisema. "Nimeacha maharage jikoni." Akaja moja kwa moja, hakumtazama Nidia, akaweka kiganja kwenye ile siti ndogo ya nyuma kama anayempapasa mnyama shingoni. Kisha ndipo akainua macho. "Karibu, binti. Mimi ni Fanny. Umekunywa kahawa?"

Ndani, nyuma ya meza iliyojaa plasta na nta na mataya yaliyokenua bila midomo, alikuwa ameketi mzee mwembamba mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umenyooshwa mbele juu ya stuli. Hakusimama.

"Kama umekuja kulalamika," alisema Gildardo Ossa, "mlango ni huohuo ulioingilia."

"Sijaja kulalamika, mzee. Nimekuja kukurudishia vitu vyako."

Aliweka boksi mezani, katikati ya meno, akalifungua. Mzee alitazama ndani bila kugusa. Alikaa hivyo hadi mkewe akaleta kahawa na kumwekea kikombe mkononi kama mtoto.

"Umevitoa," alisema.

"Nilikwaruza chini Letras. Nilikaribia kuanguka."

"Ni kweli. Kinakwaruza."

"Nilikuwa nataka kukuuliza kitu. Kwa nini umelainisha mpaka nyuma? Hakuna anayeona huko."

Kwa mara ya kwanza mzee alimtazama vizuri. "Mimi natengeneza meno, mama. Sehemu asiyoiona mtu ndiyo ambayo ulimi unashinda nayo siku nzima. Ukiacha ukingo mmoja, mtu halali." Akanyanyua kile kibati, akapitisha kidole gumba upande wa ndani. "Mkono umezoea hivyo. Hauulizi ni meno au ni pikipiki."

"Na kona za kushoto ulikuwa unapindaje na kikanyagio kile?"

"Nilikuwa sipindi. Nilikuwa nakwenda kulia tu, nazunguka dunia."

Fanny, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka hadi akashika ukuta. "Muongo huyu! Binti, nikuonyeshe alivyokuwa anapinda? Nipe helmeti."

"Fanny."

"Nini?"

"Maharage."

"Wewe yaangalie."

"Fanny, hujui anavyoendesha. Huwezi kupanda tu nyuma ya mtu usiyemjua."

Mwanamke yule alianza kufungua aproni yake, taratibu, fundo moja moja. "Hukuniuliza ulipoiuza, Gildardo. Mimi nikuulize ninapoipanda?"

Fanny alikwenda chumbani, akarudi amevaa koti la ngozi lililochakaa viwiko na helmeti yake mwenyewe, nyeusi, ambayo kumbe haikuuzwa.

Walishika njia ya San Félix. Nidia aliendesha kwa adabu, kama anayebeba mayai, na kwa kona za mwanzo alihisi nyuma yake mtu aliyetulia, asiyeshika kwa woga. Kisha ikaja kona ya kushoto, iliyobana. Kabla Nidia hajaanza kuigeuza pikipiki, Fanny alikuwa ameshasogea. Nyonga yake ilitoka nje ya siti upande wa kushoto, bega likashuka, na uzito wake wote ukawa umening'inia ndani ya kona. Mkono wake ukampiga Nidia pajani.

"Acha kuilaza!" alipiga kelele ndani ya upepo. "Shuka wewe! Iache yenyewe isimame!"

Kona iliyofuata Nidia alijaribu, akachelewa. Nyingine akajaribu tena. Alikuwa amesoma mambo hayo, ameona picha za waendeshaji wa mashindano magoti yakifagia lami, akayachukua kama mbwembwe za vijana. Sasa alielewa kwa makalio. Mtu akitoa mwili wake nje, pikipiki haihitaji kulala sana. Inapinda ikiwa imesimama zaidi, na chuma kilicho chini ya mguu hakifiki chini. Yule mzee mwenye goti bovu, aliyelazimika kushusha kikanyagio chake, alikuwa amelipa kwa mwili mzima kile ambacho mguu haukuweza. Na kwa sababu nyuma yake alikaa mtu, mtu huyo naye alilazimika kujua. Walipinda wawili.

Kufikia juu, kona za kushoto zilikuwa zikipita kama maji, na Nidia hakujua tena ni nani kati yao anayeanza kusogea.

Walisimama mahali ambapo mitende mirefu ya milimani, ile inayotoa nta, inachomoza kwenye malisho, vichwa vyake vikiwa ndani ya wingu. Fanny alivua helmeti, akavuta pumzi.

"Alikuambia kwa nini aliiuza?"

"Hapana."

"Hakuanguka barabarani, hilo ulijue. Hajawahi kuniangusha barabarani hata siku moja. Alianguka pale kanisani, pikipiki imesimama. Watu walikuwa wanatoka ibadani. Aliweka mguu chini, mguu ukakataa, ikamlalia. Wanaume wanne wakaja kuinyanyua, na padri akiwa na joho lake. Hakuumia chochote. Ila alirudi nyumbani bila kusema neno, na wiki ile ile akaipeleka Manizales. Aliniambia amefanya kwa ajili yangu, eti ningeumia. Kwa ajili yangu!"

"Ulikuwa unaipenda."

"Binti, Gildardo nyumbani ni bubu. Umemwona. Meno na redio, basi. Lakini ukimpandisha pale anaongea njia nzima. Anaimba. Anakuuliza unaona nini upande ule, kwa sababu yeye anatazama barabara. Miaka yote ile mimi ndiye niliyekuwa namwambia milima ikoje." Alivaa helmeti tena, akaifunga kidevuni. "Kauza mahali tulipokuwa tunaongelea, halafu ananiambia kaniokoa."

Waliporudi, Gildardo alikuwa amesimama nje ya mlango kwa fimbo, na kwa jinsi alivyoegemea ukuta ilionekana amesimama tangu walipoondoka. Majirani wawili walikuwa wametoa viti vyao nje, wakijifanya wanaota jua ambalo halikuwepo.

"Imekwaruza?" aliuliza.

"Haijagusa kitu," alisema Nidia.

Mzee aliitikia kwa kichwa. Kisha akampa Nidia fimbo aishike, akashika usukani, na kwa mzunguko wa ajabu wa nyonga, ulioonyesha amefanya hivyo maelfu ya mara, akapanda. Pikipiki ilikuwa imeegemea stendi yake. Mguu wa kulia ulipata mahali pake. Wa kushoto ulitafuta, ukainuka kidogo, ukagonga ubavu wa kikanyagio cha kiwandani, haukuweza kupanda juu yake. Ukabaki ukining'inia hewani. Aliutazama kama kitu cha mtu mwingine.

Fanny alipanda nyuma yake, akaweka mikono kiunoni mwake. Wakakaa hivyo, injini imezimwa, mbele ya majirani na mbwa mmoja.

"Sikukuuliza," alisema Gildardo, akiwa ametazama mbele, "kwa sababu ungesema hapana."

"Ndiyo maana ulitakiwa kuniuliza."

Mzee aliinamisha kichwa. Nidia aligeuka akajitia kusoma bango la duka la upande wa pili, lililoandikwa saa za kufungua. Aliposikia wanashuka ndipo akageuka tena. Macho ya mzee yalikuwa mekundu na sauti yake ilikuwa kali zaidi kuliko mwanzo.

"Wewe. Kwa nini unakung'uta mikono?"

Nidia hakuwa amejua kwamba anaikung'uta. "Inakufa ganzi. Pikipiki hizi ndivyo zilivyo."

"Nani kakuambia? Panda nikuone."

Alipanda. Mzee akamzunguka akichechemea, akambonyeza viwiko, akamvuta bega, kama alivyozoea kumfungua mtu mdomo bila kuomba radhi.

"Mabega yako yanafika hapa na usukani uko kule. Unajibeba kwa viganja. Kiwanda kilimtengenezea nani pikipiki hii? Kijana fulani mwenye mikono kama ya nyani. Sasa umeitoa kwenye mwili wangu ukaipeleka kwenye mwili wa kijana ambaye hayupo. Na wewe uko wapi?"

Lilikuwa swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Nidia, si kwa pikipiki wala kwa kitu kingine.

Gildardo aliingia ndani, akarudi na vipande vya nta ya waridi, ile ya kupimia fizi, akiwa ameilainisha kwenye maji ya moto. Akaizungushia mishikio ya usukani. "Shika kama unavyoshika ukiwa umechoka, siyo unavyoshika ukiwa unatazamwa."

Alishika. Alipofungua mikono, viganja vyake vilibaki pale, vidole vyote, na upande mmoja wa nta ulikuwa umebonyea kuliko mwingine.

Siku Nidia aliporudi kuichukua kazi hiyo, vibeba usukani vipya vilikuwa tayari, vimeinuliwa kiasi na kugeuzwa ndani, vimelainishwa mpaka nyuma. Mikono ya breki na klachi ilisogezwa karibu na vidole vyake vifupi. Walivifunga pamoja mtaani. Nidia akakaa, akahisi mgongo unaubeba mwili na viganja vimepewa likizo. Kisha akageuza usukani wote kulia, na kidole gumba kikabanwa kati ya mshikio na tangi.

"Unabana," alisema.

"Haubani."

"Mzee, kidole changu hiki hapa. Kimekuwa cha bluu."

"Miaka arobaini hakuna aliyewahi kunirudishia meno."

"Basi mimi ndiye wa kwanza."

Alinuna. Fanny akaita kutoka dirishani kwamba afadhali amepatikana mmoja. Nidia alichuchumaa akatazama na kuona kwamba shida haikuwa pembe ya usukani, ilikuwa kizuizi kwenye fremu, na kwamba kibati chembamba kikiongezwa pale usukani ungesimama kabla ya kufika tangini. Alimwonyesha. Gildardo alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akaangalia sana kuliko ilivyohitajika, kisha akasema hilo ndilo alilokuwa anafikiria mwenyewe. Kibati hicho Nidia alikikata yeye, kwenye meza ya meno, na mzee akamsimamia kichwani akimwambia alainishe mpaka nyuma.

Kwenye kituo cha mafuta Duván aliinama tena kuchungulia.

"Umeondoa kilema cha mguu ukaweka cha mikono?"

"Kaa uone," alisema Nidia.

Duván alikaa, miguu yake minene ikachezacheza. Akaupima usukani, akakunja uso. "Mbona mimi haunikai?"

"Si wako."

Siku hiyo, barabara ya Neira, Duván, juu ya pikipiki yake, alibaki nyuma yake kona baada ya kona, na mahali pa kwanza waliposimama hakutoa mzaha wowote. Aliuliza tu, kama mtu anayeulizia dawa ya aibu, huyo mzee anapatikana siku gani.

Tangu hapo Nidia akawa anakwenda Salamina kila mvua inapompa nafasi. Fanny alipanda nyuma, na Gildardo, ambaye mwanzoni alikataa kabisa, akaanza kutangulia na gari la abiria linalokwenda San Félix, amekaa mbele kwa dereva, mguu umenyooshwa, sufuria mapajani. Walimkuta huko juu ameshachagua jiwe la kukalia na kufunua chakula: mayai, viazi na soseji.

Jumapili moja walichelewa. Fanny alikuwa amemwomba Nidia apite taratibu, kwa sababu wingu lilikuwa limefunguka upande wa mto na mabonde yote yalikuwa wazi, jambo ambalo halitokei mara nyingi. Walipofika, mzee alikuwa amesimama barabarani kwa fimbo yake, amekasirika, chakula kimepoa.

"Mlikuwa wapi?"

Fanny alishuka, akavua helmeti, akaketi kwenye lile jiwe na kumgongea mahali kando yake.

"Kaa nikuambie," alisema, na akaanza kutoka kona ya kwanza.